Kengele ya Chini ya Godoro

Siku niliyoiogopa ilikuwa Jumatano. Shule za Brussels hufungwa saa sita mchana siku hiyo, na mdogo wangu alikuwa akirudi nyumbani peke yake, anakula alichokikuta kwenye sufuria, kisha analala mpaka jioni. Siku nyingine alikuwa chini ya macho ya walimu, na baada ya masomo kulikuwa na chumba cha kujisomea chenye msimamizi. Jumatano alikuwa na mimi tu, na mimi nilikuwa kazini Saint-Gilles, yeye akiwa Koekelberg.

Alikuwa na kifafa. Dawa zilimsaidia mchana akiwa macho, lakini usingizini kilimjia hata hivyo. Daktari alinieleza mara moja tu, polepole, na muuguzi akanionyesha kwa kutumia mto. Mgonjwa akipatwa amelala kifudifudi, mto unaweza kumziba pumzi. Lazima mtu amgeuze alale kwa ubavu. Dakika tano zikipita hajatulia, apewe dawa ya maji ndani ya shavu, na gari la wagonjwa liitwe. Nilirudi nyumbani nimebeba bomba la dawa kwenye mkoba, na jambo moja kichwani ambalo sikutaka kulijua: mdogo wangu angeweza kufa kwa mto.

Baba yetu alizikwa Bukavu. Mama alitufikisha Ubelgiji, akaugua, akafa kabla hatujajifunza kufunga vizuri zipu za makoti. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama mmoja wa kanisani alitupokea kwake, nami nikaacha shule nikaanza kufagia sehemu za watu. Nilipofikisha umri unaotakiwa nilimchukua mdogo wangu kwa jina langu. Siandiki haya ili nisifiwe. Naandika ili ieleweke kwa nini sikuwa na mtu wa kumpigia simu siku za Jumatano.

Alikuwepo maman wa chini, mjane wa Uvira aliyekaa ghorofa ya kwanza ya nyumba yetu. Nilimwachia ufunguo. Lakini nilimwambia kwamba mdogo wangu ana damu kidogo na huzimia. Neno kifafa sikulitamka. Mdogo wangu mwenyewe alinikataza.

"Yaya, uliona vile walimufanya yule mutoto wa chorale ya kanisa," aliniambia, akiniita yaya kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa. "Hata kikombe walimutengea yake. Bakasema mate yake inaambukiza. Mi sitaki kikombe yangu."

Nikakubali. Alikuwa na miaka kumi na sita, na aibu ndiyo aliyoiogopa zaidi. Mimi niliogopa mto.

Kufikia wakati huo sikuwa nafagia tena. Nilikuwa nimeingia kwenye karakana ya mzee mmoja tuliyemwita tonton, yaani mjomba, fundi redio wa zamani, karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Tulitengeneza mizani na mashine za kaunta za wenye maduka ya mtaani. Nilianza na ufagio, nikapewa bisibisi, mwisho nikapewa chuma cha kulehemu. Tonton hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama mikono yangu inatetemeka.

Ni yeye aliyenifundisha ujanja wa USB. Mizani mpya zilizungumza na kompyuta kwa USB, na chipu za bei ya juu zilikuja na sehemu maalumu kwa kazi hiyo. Zile ndogo zilizojaa kwenye droo yetu hazikuwa nayo. Hata hivyo kulikuwa na programu, watu walikuwa wameiandika na kuigawa bure, iliyoifanya chipu ndogo iigize sehemu hiyo. Ujanja wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi. Chipu yetu ilipiga hatua milioni kumi na mbili kwa sekunde. Kompyuta, hata kwa ule mwendo wa polepole kabisa wa USB, ilituma alama milioni moja na nusu kwa sekunde. Ukigawanya, unapata hatua nane kwa kila alama. Ndani ya hatua nane chipu isikie alama, iiweke, na iwe tayari kwa inayofuata. Mwendo wa juu zaidi ya huo chipu ile isingeuweza kamwe.

"Kompyuta haina huruma, petite," tonton alisema. "Inakuuliza, hauitike. Inakuuliza tena, hauitike. Ya tatu, bon, we haukuwe tena. Imekufuta."

Nilicheka siku hiyo.

Wazo lilinijia nikiwa nimeshika kile kisahani chembamba cha shaba kinachopiga kelele ndani ya mashine za kaunta. Ukikipa umeme kinalia, na ukikitikisa kinatoa umeme. Nikakigundisha kwenye ubao, nikauweka ubao chini ya godoro la mdogo wangu, nikapeleka waya kwenye chipu, na kutoka kwenye chipu waya wa USB ukaenda kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa mezani kwake. Kompyuta niliifungia simu ya zamani. Kitanda kikitikisika kwa sekunde ishirini mfululizo, kompyuta ingenipigia, nami ningempigia maman wa chini apande. Hizo zilikuwa siku ambazo simu za kugusa hatukuwa nazo, wala vifaa vya aina hii havikuwa vikiuzwa mahali ninapopajua. Hata kama viliuzwa, mimi nilijua kutengeneza, sikujua kuomba.

Kukijaribu tulihitaji mtikiso. Nilitikisa kitanda kwa mikono, simu ikalia. Mdogo wangu akanisukuma pembeni.

"Acha! Maître wa kutetemeka ni mimi. Lakini yaya, mi sijaijiona hata siku moja. Inakuwaka aje?"

Nilijifanya nakagua waya. Akajitupa kitandani, akaanza kutikisa mabega na kiuno kama mpiga ndombolo aliyelala chali, uso ameukunja, ulimi nje. Simu ikalia mfukoni mwangu. Akaongeza madoido, ikalia tena. Tulicheka mpaka maman wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Tulirudia siku nyingi, na kila mara ililia. Nikaanza kulala usingizi wa kweli.

Jumatano nne zikapita, simu kimya. Nilijifunza kuupenda ukimya ule. Nilikuwa nagusa simu mfukoni, naikuta imetulia, narudi kwenye lehemu yangu.

Jumatano ya tano pia ilikuwa kimya. Nilipanda metro hadi Simonis, nikanunua mkate, nikapanda ngazi bila haraka. Mdogo wangu alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, shavu juu ya mbao, damu imekauka kwenye kidevu. Mto ulikuwa umelowa. Nilipiga magoti nikaweka mkono mbele ya mdomo wake. Mwanzoni sikuhisi chochote. Kisha nikahisi pumzi.

"Yaya," alisema baadaye, maneno mazito kama ya mlevi, "ulimi inaniuma."

Alikuwa ameanguka. Kuanguka ndiko kulikomtoa kwenye mto. Nilipoinua macho niliona kwenye kioo cha kompyuta kidirisha kidogo cha Kifaransa kikisema kwamba kifaa cha USB hakitambuliwi. Saa iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake ilikuwa saa nane na dakika kumi na moja mchana. Mimi niliingia saa kumi na mbili jioni. Kwa karibu saa nne niliushika ukimya mfukoni nikidhani ni habari njema.

Usiku ule nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Sitauelezea.

Asubuhi nilibeba ubao, chipu na waya hadi karakana. Nilikuwa nimeamua kwamba waya ulilegea alipoanguka. Nilitaka sana iwe hivyo, kwa maana waya unaweza kuulehemu. Tonton akaunganisha vyote na kompyuta ya mezani, akavuta waya, akaupinda, akaukanyaga. Kompyuta haikulalamika hata mara moja.

"Waya iko bien. Ulikijaribu aje, hiki kintu?"

Nikamweleza mikono, na mabega, na ndombolo. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote pale juu ya ugonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Donc mulifundisha kengele kucheza."

"Ndiyo, tonton."

"Sasa nionyeshe vile anatetemeka kweli. Na vidole. Hapa."

Aliweka ubao mbele yangu. Nikasimama nao. Miaka yote ile kila kilipomshika nilikuwa nimemkumbatia, uso wangu nimeuficha mgongoni mwake, na macho nimeyafumba. Macho yangu hayakujua. Ila kifua changu kilijua. Nikafumba macho tena, pale mbele ya mizani za watu, nikamtafuta mdogo wangu kifuani mwangu mpaka nikampata, na vidole vyangu vikaanza kugonga ubao. Kwanza haikuwa kugonga, ilikuwa kukaza na kuvuma, kama bati linalopigwa na upepo mkali. Kisha yale mapigo, makali, yenye pengo, chuma cha kitanda kikigonga ukuta katikati yake. Nililia bila kuacha.

Kompyuta ikatoa ile milio yake miwili, wa juu na wa chini, inayotoka mtu anapochomoa kifaa. Hakuna aliyekuwa amechomoa kitu.

Tulirudia. Sekunde sita, milio miwili. Tukarudia, sekunde nne.

Tonton aliwasha mashine inayoonyesha umeme kama mistari kwenye kioo, akanionyesha. Ndombolo ya mdogo wangu ilikuwa vilima vikubwa, vyenye nafasi. Kwa vidole vyangu kila pigo lilizaa miiba midogo kwa mamia. Na mimi ndiye niliyeiandikia chipu amri kwamba kila mwiba ukija iache yote iukimbilie. Nilidhani hiyo ndiyo bidii. Kumbe kila ilipokimbilia mwiba, kompyuta ilikuwa ikiuliza, na zile hatua nane zilipita, nane nyingine zikapita, hakuna wa kuitika. Mara tatu. Kisha kompyuta ikaifuta chipu. Kadiri kifafa kilivyokuwa kikali ndivyo kengele ilivyowahi kufa. Ingelia kwa kutetemeka kidogo na kunyamaza kwa kutetemeka kwa kufa. Hakuna adui ambaye angenitengenezea kitu kibaya kuliko nilichojitengenezea.

"Nikate ile amri," nilisema.

"Kata. Miiba ingoje."

Tuliweka dayodi na kapasita ndogo kati ya kisahani na chipu. Mtikiso ukija unajaza kapasita kama maji kwenye ndoo, na ndoo inakaa imejaa kwa muda. Chipu sasa haikukimbilia chochote. Ilijibu kompyuta kwanza, kila mara, na kwenye upenyo kati ya swali na swali ilichungulia ndoo. Niligonga ubao kwa mapigo yale ya kweli siku tatu mfululizo. Haikufutwa tena.

Ungedhani hofu ilipungua. Iliongezeka. Sasa nilijua kwamba kimya kinaweza kuwa kitu chochote: umeme umekatika, simu ya kompyuta imezimika, paka wa jirani amepita juu ya waya. Jumatano iliyofuata nilimpigia maman wa chini mara tano nikimwomba apande akaangalie tu kama kompyuta inawaka na paka hajagusa waya, mara nyingine nikikata kabla hajapokea kwa kuona haya.

Jioni alinisubiri kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Weye! Unanibipa, ninakuja mbio, mutoto eko nalala kama evêque, kama askofu. Unabipa tena. Ni nini? Kwetu muntu anabipaka juu ya kusema nimefika, niko bien. Weye unabipaka juu ya mabaya! Ulitoka wapi na hiyo adabu?"

"Nisamehe, maman."

"Mi niko na moyo moja tu, si mbili."

Nilipanda ngazi nikiwa na aibu, na nilipofika kwenye mlango wetu nilisimama na ufunguo mkononi. Alikuwa na haki. Mtu akibipu nyumbani, anasema yupo. Asipobipu, ndipo unapoanza kuuliza. Nilikuwa nimeijenga kengele kinyume.

Niliandika programu upya. Kila dakika tatu, kama chipu imejibu na kitanda kimetulia, kompyuta inipigie mlio mmoja na kukata. Kikitikisika isipige. Chipu ikifutwa isipige. Umeme ukikatika haiwezi kupiga. Ubaya wowote ungefika kwangu kwa njia ileile, kwa dakika tatu zisizo na mlio. Karakana nzima ilinichoka. "Simu yako iko na homa," tonton alisema, na mteja mmoja akaniuliza kama nina mchumba asiye na kazi. Sikujali. Nilifanya kazi nikihesabu milio, na kati ya mlio na mlio nilikuwa nakufa kidogo.

Jumatano moja ya mvua, baada ya mlio wa saa nane na robo, dakika tatu zilipita. Niliitazama simu. Nikasema labda saa yangu inakimbia. Dakika ya nne nilikuwa nimeshampigia maman wa chini.

"Panda, maman. Panda sasa hivi."

"Ni ile ya paka tena?"

"Panda, nakuomba!"

Nilimsikia akipumua kwenye ngazi, ufunguo, mlango. Tonton alikuwa ameshanitupia koti. Nilikuwa barabarani, simu sikioni, nikikimbilia metro, kisha nikakumbuka kwamba chini ya ardhi simu ingekatika. Nikasimama penye mvua mbele ya ngazi za kituo. Miguu ilitaka kushuka na sikio halikuweza.

"Yesu," maman alisema. "Yesu. Eko natetemeka. Eko na povu. Ma fille, hii haiko damu kidogo."

"Hapana, maman. Ni kifafa."

Nikasikia hatua zake zikirudi nyuma. Nilijua anachokifikiria kwa sababu hata mimi nililelewa nacho: usiguse, povu lisikufikie, ita watu wa maombi. Nyuma yake nilisikia chuma cha kitanda kikigonga ukuta.

"Amelalaje, maman? Uso uko wapi?"

"Mu oreiller."

"Mtoe kwenye mto, maman. Mgeuze."

"Mi naogopa."

"Hata mimi naogopa. Mate hayaambukizi, maman, nimelala naye kitanda kimoja tangu utoto, nimefuta povu lile kwa mikono hii, niangalie, mimi nina nini? Mgeuze kwa ubavu. Nilikudanganya, utanitukana baadaye. Mgeuze!"

Simu ilianguka, au aliiweka chini. Nikasikia kitambaa kikiburutwa, na sauti yake ikiguna kama ya mtu anayesukuma kabati. Mabasi yalipita mbele yangu. Mtu mmoja aliniuliza kwa Kifaransa kama niko sawa nikamgeuzia mgongo. Nilisikia kugonga kwa ukuta kukiendelea, nikahesabu kuelekea zile dakika tano za dawa, kisha kukapungua, kukawa na mapengo, kisha kukaisha. Baada yake kulikuja mkoromo mkubwa, mbaya, wenye mate ndani yake, mkoromo wa mtu anayevuta hewa.

"Ulisikia?" maman alisema kwa mbali. "Eko napumua. Mikono yangu yote iko na mate yake, donc kama nitakufa nitakuja kukubeba."

Nilishuka kwenye metro.

Nilipofika, maman alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha mdogo wangu kiko mapajani mwake juu ya kitenge, naye anamfuta kidevu kwa pindo. Alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja. Hakuniangalia.

"Miaka tatu unaniambia damu kidogo," alisema. "Kila mwezi mi namuletea foie, maini, juu ya damu."

Mdogo wangu alifungua jicho moja. Alitazama kitenge, akatazama dari, akanitazama mimi.

"Yaya," akasema, "ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Alifumba jicho lake tena. Nilisubiri aseme zaidi, na sikuogopa kitu siku ile kama nilivyoogopa jibu hilo. Maman alimsogeza kidogo ili shingo ikae vizuri, akaniambia nilete maji. Nilirudi na vikombe viwili nilivyovipata kwanza kwenye beseni. Maman alikunywa nusu ya kimoja, akakitazama kwa muda, kisha akainua kichwa cha mdogo wangu na kumnywesha nusu iliyobaki.